Dume Mmoja, Majike Wanne

Matroni alikuwa na uchovu wa aina mbili. Wa kwanza ulikuwa wa miguu, na huo aliijua dawa yake: beseni la maji ya uvuguvugu na konzi ya chumvi. Wa pili hakujua unakaa wapi. Ulimwamkia kabla hajafumbua macho, ukamsindikiza hadi kwenye bweni la wasichana alilolisimamia kwa miaka ishirini na sita, ukarudi naye nyumbani saa tisa alasiri na kuvua viatu pamoja naye.

Bwenini walimwita Mama Vitanda. Vitanda vilikuwa mia moja na tisini, na vyote alikuwa navyo kichwani: nani analala wapi, na kwa nini. Anayekoroma hakai jirani na anayeshtuka usingizini. Marafiki watatu hawawekwi chumba kimoja, maana kabla ya muhula kwisha wawili watakuwa wamekwisha kumteta wa tatu. Kila mwanzo wa mwaka aliketi na orodha na penseli siku tatu nzima, anaandika na kufuta.

"Matroni, si uwapange tu kwa herufi?" mwalimu mkuu alimwambia mwaka mmoja.

"Mwalimu, herufi hazigombani."

Nyumbani alikuwa na mtu mmoja tu wa kumshughulikia, na huyo ndiye aliyemmaliza nguvu. Mumewe alikuwa mpima ardhi. Alikuwa ameshinda juani miaka thelathini na kitu akipigilia vigingi kwenye mashamba ya watu, akafukuzwa na mbwa, nyuki na warithi, na watu wakamwita Mzee Mipaka. Wiki tano baada ya kustaafu alianguka bafuni. Kiharusi kikachukua upande wake wa kulia, kisha kikazoa na maneno. Kilimwachia moja tu: "kesho."

Akitaka chai, "kesho." Mgongo ukimuuma, "kesho." Redio ikitaja jambo la kipuuzi, "kesho," na jicho la kushoto linacheka. Miezi ya mwanzo Matroni alilia. Baadaye alizoea, akajua kutofautisha kesho ya choo na kesho ya mto uliokaa vibaya. Watoto wao wawili walikuwa mbali na kazi zao. Walipiga simu kila Ijumaa, baba yao akawaambia kesho, wao wakaamini anawapa ahadi.

Sebuleni, mbele ya kiti cha mzee, palikuwa na tangi la kioo. Lilikuwa refu kama benchi la shule, juu ya meza ya chuma, na mzee alikuwa amelichongesha kwa fundi vioo mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Mkewe alipomuuliza la nini, alijibu, "La samaki. Nitakueleza likianza." Halikuanza. Baada ya kiharusi likawa kabati: shuka za akiba, nepi za watu wazima, glavu, chupa za dawa. Ukipita mlangoni uliona maradhi yote ya nyumba yamepangwa kwenye kioo kama dukani.

Aliyelisema tangi hilo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mzee, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia vitambaa, kazi aliyoifanya tangu ujana. Alikuja kila Jumapili. Aliketi, akatazama pembe zote nne za sebule kama mkaguzi, kisha akapata la kusema.

"Wifi, hili likabati la vioo limekaa hapa kama jeneza. Liuze, uweke kitanda cha maana, mdogo wangu apumzike huku kwenye hewa."

Matroni hakuwa na nguvu za kubisha. Isitoshe, wifi alikuwa na haki. Jumatano iliyofuata alimwita fundi vioo aje alichukue. Alianza kutoa shuka, akatoa glavu, na alipofika kwenye dawa akasikia kishindo. Mzee alikuwa anapiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, uso umemwiva.

"Kesho! Kesho! Kesho!"

Ilikuwa kesho ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Fundi vioo aliweka kamba zake chini. "Mama, mimi siondoki na kitu ambacho mwenyewe hajaridhia," alisema, akaaga na kwenda zake.

Mzee aliendelea kuelekeza kidole kwenye kabati la ramani. Matroni akafungua droo moja baada ya nyingine, akiinua kila kitu amuonyeshe: rula, ramani, picha ya harusi, barua. Kila mara mzee alitikisa kichwa. Ilichukua karibu saa nzima. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya kazini, palikuwa na daftari gumu la kijani. Alipoliona, mzee aliegemea nyuma na kufumba macho.

Matroni alilisoma daftari lile jioni ileile, amekaa kwenye stuli na miguu yake ndani ya beseni. Ukurasa wa kwanza palichorwa tangi kwa vipimo kamili, na kwenye pembe, kwa kuwa mtu haachi asili yake, mshale wa kuonyesha kaskazini. Mawe yalichorwa moja moja na kupewa namba. Kisha yalifuata majina ya samaki, kurasa kumi na moja, wote wa jamii iitwayo sikilidi, ndugu wa mbali wa perege, wadogo kama kidole cha kati, wa rangi za nguo za sherehe. Karibu wote walikuwa wamekatwa kwa mstari mwekundu, na sababu ikaandikwa pembeni kwa mwandiko wake mwembamba. *Mkali.* *Anakula nyama, wenzake wanakula majani.* *Huyu na namba 1 wanafanana rangi, watauana.* *Anakua mkubwa, atawameza.* Jina moja lilikuwa limekatwa mara tatu, hadi karatasi ikakwaruzika: samaki wa njano mwenye milia myeusi. Kando yake palikuwa na maneno manne: *Mzuri utotoni. Jambazi ukubwani.*

Ukurasa wa mwisho zilibaki aina mbili tu. Chini yake palikuwa na namba 3, na mbele ya namba 3 alama ya kuuliza.

Matroni alifunga daftari. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa akipanga bweni, akawaza, na hakumwambia.

Duka la samaki wa mapambo lilikuwa nyuma ya duka la dawa, chumba chembamba chenye unyevu, pampu zikinguruma kila upande. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo, miwani mizito, mikono ya gauni imelowa hadi kwenye viwiko. Alipokea daftari, akasoma kurasa tatu nne amesimama, kisha akavuta kiti.

"Aliyeandika hili ni mwalimu?"

"Mpima ardhi."

"Ndiyo maana." Alifunua tena. "Mama, nikueleze ukweli. Watu wanaingia hapa wananunua kwa macho. Huyu mzuri, nipe. Yule mzuri, nipe. Baada ya wiki mbili wanarudi wananiambia nimewauzia samaki wagonjwa. Si wagonjwa, wamepigwa. Hawa kila dume anataka jiwe lake, na akishalipata, anayepita mbele yake ni adui."

"Fahali wawili hawakai zizi moja," Matroni alisema.

"Umeshajua nusu. Kwa hiyo kila aina, dume mmoja, majike wanne. Ukimpa jike mmoja, atamsumbua mpaka amuue. Wakiwa wanne, usumbufu unagawanyika. Tena usiweke wachache sana. Tangi likiwa tupu, mkali anamchagua mmoja tu wa kumwonea. Likijaa kiasi, hajui aanze na nani."

Matroni aliitikia polepole. Alikuwa na chumba cha wasichana wanne bwenini ambacho hakikutulia hadi alipokifanya cha sita. Kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi mtu alikuwa anazungumza naye juu ya kitu ambacho si shinikizo la damu, naye akakielewa.

"Na maji?" aliuliza.

"Maji kwanza, samaki baadaye. Jaza, washa chujio, weka mawe ya chokaa, subiri wiki sita. Usinipigie simu kabla ya wiki sita."

Hiyo kazi aliifanya peke yake, jioni jioni, ndoo baada ya ndoo. Shuka zilihamia chini ya kitanda, dawa juu ya friji. Mshonaji wa nyumba ya pili, aliyekuwa akija na cherehani yake kukaa na mzee asubuhi, alimcheka: "Jirani, kazi uliyonayo haikutoshi, umejitwisha na ya bahari?" Matroni mwenyewe alijiuliza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wake, na kila ndoo aliibeba kwa mgongo wake. Aliendelea kwa sababu moja. Tangu maji yaanze kupanda ndani ya kioo, mzee aliacha kuegemeza kichwa ukutani. Alikaa wima, akatazama.

Wiki ya tano, Matroni alikata karatasi za rangi, akatengeneza samaki wadogo, akawaweka kwenye sinia na kumpakatisha mumewe. Mawe yalikuwa vifuniko vya chupa. Alitaka kumaliza habari ya namba 3. Mwenye duka alikuwa amempa wawili wa kuchagua: mmoja wa buluu mwenye pingili nyeusi, mzuri ajabu, na mwingine wa buluu iliyokolea mwenye mkia wa njano, wa kawaida tu.

"Haya, mzee. Wa njano hawa hapa. Wa rangi ya kutu hawa. Sasa nani wa tatu?" Alimweka yule mwenye pingili kwenye kifuniko cha chupa.

"Kesho," mzee alisema, na kwa ncha ya kidole akamsukuma hadi akaanguka sakafuni.

"Mbona mzuri?"

"Kesho."

Mzee alichukua karatasi ya mkia wa njano. Matroni alijizuia asimsaidie. Mzee hakuiweka kwenye mawe. Aliipandisha hadi sehemu ya juu ya sinia, mahali palipokuwa wazi, akaiburuta kulia, akairudisha kushoto, kulia, kushoto, kisha akamtazama mkewe.

Ilimchukua Matroni muda kuelewa. "Huyu hataki jiwe," alisema. "Anaogelea juu. Wale wagawane mawe, huyu ana barabara yake."

"Kesho," mzee alisema taratibu, na jicho la kushoto likacheka.

Matroni alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaliacha limwagike. Akili ya mtu huyu ilikuwa nzima. Ilikuwa imekaa humo ndani miezi yote hii, nzima, ikisikia kila kitu, hata siku Matroni alipowaambia watoto kwenye simu kwamba baba yenu sasa ni kama mtoto.

Samaki waliingia kumi na tano, wote wadogo, siku moja, ili asiwepo wa kujiita mwenyeji. Wa njano waliingia mapangoni, wa kutu wakaanza kuguguna mawe, na wale wa mkia wa njano wakapita juu kwa kundi, huku na huku, kama ilivyoonyeshwa kwenye sinia. Chakula chao cha majani kilikuwa kwenye kopo dogo, na aliyewalisha ni mzee mwenyewe, kwa vidole vya kushoto. Nusu ilianguka zuliani. Matroni alifagia.

Uchovu haukuondoka. Aliendelea kumnyanyua, kumwogesha, kumgeuza, kumsukumia kiti. Aliendelea kuamka alfajiri ya Jumapili, siku yake ya mapumziko, afagie, apige deki, afue, ili wifi akija asipate pa kushika. Lakini sasa alipokuwa anamlisha mumewe uji, wote wawili walikuwa na pa kutazama. Miezi miwili walikaa hivyo. Hata wifi alipokuja alinyamaza karibu dakika nzima, na hiyo haikuwa kawaida yake.

Kisha Alhamisi moja Matroni alirudi, akavua viatu, na mshonaji akamwambia, "Wifi yako kapita. Kaleta zawadi."

Kwenye tangi walikuwa kumi na sita. Huyo mpya alikuwa mdogo kuliko wote, wa njano iliyoiva kama yai, mwenye milia myeusi iliyonyooka kama imepigwa rula. Alikuwa mzuri kuliko kila samaki aliyekuwemo. Alikuwa amekwisha kuchukua pango la jiwe namba nne.

"Mzee alisemaje?"

"Alisema kesho, mara nyingi sana," mshonaji alijibu. "Dada yake akasema, haya, kesho nitakuletea mwingine."

Matroni alimtazama mumewe. Alikuwa ameegemeza kichwa ukutani.

Alijua. Hakuhitaji kufungua daftari, ila alilifungua, akaona karatasi ilipokwaruzika. Ilimpasa amtoe siku ileile. Lakini kumtoa kulitaka kuondoa mawe yote, kupunguza maji, kukimbizana na samaki kwa wavu mdogo, kurudisha mawe, halafu Jumapili kumweleza wifi zawadi yake iko wapi. Alitazama ndoo. Alitazama miguu yake, iliyovimba vifundoni.

"Yuko mmoja tu, tena mdogo," alimwambia mumewe. "Tumwangalie kwanza."

Mzee aliuondoa uso wake kwenye tangi.

Mwezi wa kwanza aliwasukuma wenzake kidogo. Wa pili alianza kubadilika. Njano ikafifia, kifua kikawa cheusi, na mwishoni mwa mwezi alikuwa mweusi wote, mistari miwili hafifu ubavuni, mwili umejaa. Alikuwa ameitwaa nusu ya tangi. Dume wa njano alionekana asubuhi moja chali juu ya kokoto, mapezi yamekwisha. Baada ya wiki, jike wa kutu. Kila mara Matroni alimtoa maiti kabla mumewe hajaamka, akidhani hataona. Mzee alihesabu. Alipofika kitini alinyanyua vidole: vinne, akakunja kimoja.

"Jumamosi," Matroni aliahidi. "Jumamosi nitamtoa."

Jumamosi palitokea ugomvi bwenini, akaitwa. Jumamosi iliyofuata alilala kitini na soksi moja mkononi, akaamka alasiri.

Ilikuwa Jumapili alipomwona jike wa njano. Kwa karibu wiki tatu jike huyo hakuwa akila; alikuwa ameatamia mayai mdomoni, kama hawa wanavyofanya, na mzee alikuwa akimfuatilia kwa kidole kila anapokwenda. Sasa alikuwa amejibanza kwenye pembe ya juu, nyuma ya bomba la chujio, mkia umechanika, taya limefumbwa. Yule mweusi alipanda, akamgonga ubavuni, akashuka, akapanda tena. Mzee alikuwa anapiga mkono wa kiti, hana hata sauti.

Matroni hakufagia Jumapili ile, wala hakupiga deki. Alipandisha gauni, akaingiza mikono. Alimchota kwanza jike, akamweka kwenye ndoo yenye pampu. Kisha akaanza kutoa mawe, moja moja, mazito, yanateleza, akiyapanga juu ya zulia. Maji yalimwagika sebule nzima. Wifi alipoingia saa nne alimkuta amepiga magoti katikati ya dimbwi, kitambaa cha kichwa kimening'inia sikioni, na mdogo wake yuko na nguo za kulalia.

"Mungu wangu! Wifi, kulikoni? Samaki umewafanya nini?"

"Si mimi. Ni zawadi yako."

"Zawadi yangu?"

"Huyo mweusi pale. Ameua wawili. Kwenye daftari la mdogo wako amekatwa mara tatu, mara tatu, wifi! Mwaka mzima alipanga nani akae na nani, ukaja ukammwagia tu kama unamwaga makombo."

Wifi alisimama na mkoba wake kifuani. "Na kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Ningesema nini? Ulikuwa umeshamwaga."

"Ungesema, mtoe! Mimi ni mtu mzima, ningekasirika, ningepoa. Umejua miezi mitatu, ukamwacha anaua?"

Matroni alikaa chini kabisa, kwenye maji, gauni likalowa hadi kiunoni.

"Nilichoka," alisema. "Nilijua, wifi. Nilichoka tu."

Wifi aliweka mkoba juu ya meza. Aliposema tena, ile sauti ya kuuzia vitambaa haikuwepo.

"Unajua nilimleta kwa nini? Kila Jumapili nikija hapa kila kitu kimekwisha kufanyika. Ameoga, amekula, sakafu inang'aa, hata chai iko kwenye chupa. Nakaa pale kama mgeni wa msiba. Ni mdogo wangu yule, nilimbeba mgongoni. Sina cha kumfanyia ndani ya nyumba hii, ndiyo maana nasemasema. Nikaona samaki anawatazama. Nikasema na mimi niwe na mmoja humo."

Matroni alimtazama. Miezi kumi na tano alikuwa ameamka alfajiri kila Jumapili kwa sababu ya ulimi wa mwanamke huyu.

"Nafagia kwa sababu unakuja," alisema.

"Basi usifagie, wewe! Nani kakwambia ufagie?" Wifi alikuwa amekwisha kuvua viatu. "Nishike nini?"

"Shika ndoo ile tupu. Ukimwona anakuja upande wako, usipige kelele."

Alipiga kelele. Yule mweusi aliwazungusha tangi zima mara tano, akaruka, akatua juu ya zulia, na aliyemdaka kwa upande wa kanga ni wifi, akimtukana matusi ambayo Matroni hakuyajua ingawa alikuwa amelea wasichana robo karne. Mzee alicheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, cha pumzi zaidi kuliko sauti, lakini wanawake wote wawili waligeuka.

Kurudisha mawe kulichukua mchana wote. Mwenye duka, aliyepigiwa simu, alisema yasirudi mahali pake pa zamani. Mawe yakihama, kila samaki anaanza upya, hakuna wa kudai. Kwa hiyo mzee alielekeza. Wifi alinyanyua jiwe, mzee akatikisa kichwa, wifi akalisogeza, akatikisa tena. "Jamani, huyu alivyo na vipimo!" wifi alilalamika, jasho linamtoka. "Hata mipaka ya mawe ya samaki?" Alilisogeza mara ya saba.

Mweusi alirudishwa dukani siku ya pili, akapewa tangi lake peke yake. Mwenye duka alisema wa namna hiyo kosa si lake, ni la mahali. Jike wa njano alipona mkia. Mayai hayakupona. Kwenye ndoo, kwa hofu, aliyameza yote, na Matroni alimweleza mumewe ukweli badala ya kumficha. Mzee alikunja kidole kimoja kimoja hadi ngumi ikafumba. Baada ya mwezi walinunua dume mwingine wa njano, mpole, wa umri mdogo.

Mzee hakupata neno la pili. Mguu wa kulia haukurudi. Daktari alisema uwezekano ni mdogo, na Matroni alishukuru kwamba amesema wazi. Miaka miwili ya kazi ilikuwa bado mbele yake, na vitanda mia moja na tisini.

Lakini wifi sasa anakuja Jumatano na Jumamosi, amevaa gauni kuukuu, na ndiye anayemwogesha mdogo wake na kubadilisha maji ya tangi. Hafanyi vizuri. Mpira wa maji anausahau, zulia linalowa. Mashati anayakunja vibaya na kuyaweka kwenye droo ya mashuka. Wiki za kwanza Matroni alikuwa akimfuata nyuma nyuma, anakunjua na kukunja upya, hadi wifi akamfungia mlango wa chumbani kwa nje.

"Lala," alisema kutoka upande wa pili. "Nikikuhitaji nitakugongea."

Jumamosi ile ya mlango kufungwa, Matroni alisimama kidogo katikati ya chumba, hajui mikono aiweke wapi. Sebuleni maji yalikuwa yanamwagika mahali ambapo hayakutakiwa, na wifi alikuwa anamkaripia mzee kwa kuwapa samaki chakula kingi. Alisikia kikombe kinavunjika. Alifikiri kipi, akakisia ni kile cha buluu. Kisha akapanda kitandani na nguo zake, akageukia ukutani.